Zamu ya Doto

Mapacha wangu walizaliwa wazima, wanene, wamefanana mpaka mimi mwenyewe nikawa nawachanganya. Walipofika miezi saba, vidole vya kurwa vilivimba akalia kutwa nzima. Hospitali ya hapa Ifakara wakawapima damu wote wawili, na wote wawili wakakutwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa baba na mama.

Mama mkwe alikuja kutoka Masagati. Hakukubali.

"Ugonjwa wa kuzaliwa nao ulikuwa unasubiri nini miezi yote hiyo?" aliniuliza. "Na huyu doto mbona hana kitu?"

Nafundisha baiolojia sekondari, nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Mtoto akiwa tumboni, damu yake inatengenezwa kwa jeni ya utotoni. Akizaliwa, jeni hiyo haizimiki papo hapo. Inachukua miezi, na muda wote huo inamkinga. Ikizimika, jeni ya ukubwani inashika kazi, na kwa wanangu hiyo ndiyo mbovu. Tena haizimiki kwa mpango. Chembe moja ya damu inawahi, nyingine inachelewa, kwa bahati tu, hata kwa mapacha wa yai moja. Bahati hiyo wataalamu wanaiita kelele.

"Doto naye zamu yake inakuja, mama," nilisema.

"Unamwombea mwanao mabaya?"

Kesho yake alimbeba doto mgongoni, akasema anamwondoa karibu na mgonjwa. Nilimng'ang'ania mwanangu mpaka mume wangu akanibandua mikono. Nusu ya ugonjwa ule ilitoka kwake, lakini alimbebea mama yake begi hadi stendi. Dawa za doto nilizokuwa nimezitia kwenye begi nilizikuta juu ya kabati.

Masika yalikuwa yamekata barabara ya Masagati simu ilipopigwa. Vidole vya doto vimevimba, homa haishuki. Hakufika hospitali.

Nilidhani msiba ule ungewafungua masikio. Mjinga mimi. Matanga hayajaanuliwa, mama mkwe aliuliza mbele ya wote: "Nani alijua kabla?" Wote waligeuka kunitazama, mume wangu akiwemo.

Tangu siku hiyo mume wangu ndiye anayempa kurwa dawa, kila asubuhi, hakosi hata mara moja. Mimi hataki nizishike.