Usikate Simu Mpaka Iwake

Leodegar ni fundi wa programu za kompyuta, ila ungemuuliza jirani yeyote pale Sinza anafanya kazi gani, angekwambia, "Yule? Analalaga tu ndani." Chumba kimoja, kompyuta moja, na kimya mpaka kinaboa. Tangu mama yake afariki kule Ngara, aliyempigia simu kila siku alikuwa mtu mmoja tu: Adelina, wa mapokezi kwenye maabara ndogo ya vipimo huko Temeke.

Wala hakupiga kwa mapenzi. Programu ya majibu ya wagonjwa, aliyoiandika Leodegar mwenyewe, ilikuwa inakuwa nzito kila ikifika saa sita mchana. "Kaka Leo, imegoma tena." Naye humwambia aizime, aiwashe, asikate simu mpaka iwake. Dakika nne. Ndani ya hizo dakika Leodegar alijua Adelina kapika nini na mwanawe kaanza kutamka neno gani. Alizipenda mno.

Ugonjwa wenyewe wa programu aliugundua Jumanne. Ulikuwa kwa mgawaji wa kumbukumbu, ile sehemu inayoipa programu nafasi ya kufanyia kazi na kuipokea ikirudishwa. Huyu aligawa ovyo, kama mwenye nyumba aliyekatakata vyumba: nafasi tele, lakini vipande vipande, mpangaji mwenye kitanda kikubwa hapati pa kukiweka. Kulikuwa na mgawaji mwingine, anayejua kupanga. Kumbadilisha ni kuandika mstari mmoja tu kwenye programu.

Mstari mmoja, na bwana mzima akakaa nao siku tatu bila kuuweka! Aibu ilimshika, lakini akakaa nao. Ijumaa, Adelina hakuongelea mapishi.

"Kuna mama hapa mtoto wake ana homa kali, anasubiri majibu. Fanya haraka, kaka."

Siku hiyo dakika nne zilikuwa ndefu. Leodegar alimsikia mtoto akilia mpaka programu ilipowaka. Jioni, maabara ilipofungwa, akauweka ule mstari.

Jumatatu saa sita, simu kimya. Jumanne, kimya. Jumatano akapiga mwenyewe.

"Mashine inaendeleaje?"

"Inakimbia hatari, Kaka Leo. Hata nimesahau kama ipo. Kuna ishu?"

"Hamna. Nilikuwa naulizia tu."

"Haya, kaka. Kazi njema."

Adelina akakata. Leodegar akaitazama simu. Haikuwa imefika hata dakika moja.