Gari Tuliloogopa Kulizima

Gari langu la kwanza maishani lilitoka nchi ya watu hadi mpakani bila kuzimwa hata kidogo.

Si kwa ushujaa. Kwa woga.

Tulikula ndani linaunguruma. Kwenda msalani tulipokezana, mmoja anabaki na mguu kwenye mafuta kama anayemkesha mgonjwa mahututi. Tulibadilishana usukani bila mtu kugusa ufunguo.

Na chanzo chake ni neno moja tu. Ngojeni niwasimulie.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Nyumbani tunamwita Bosi, kwa namna anavyoagiza watu. Nilikuwa nafanya usafi kwenye shule ya watoto wadogo, kwa hiyo kila asubuhi namwacha kwa jirani. Leo huyu, kesho yule, inategemea nani yupo.

Mwanzoni alikuwa analia mpaka sauti inakauka. Kisha akaacha. Nikimweka chini ananipa mgongo, anaangalia ukuta.

Wazazi wenzangu mtanielewa. Kilio kinauma, lakini kale kamgongo ndiko kalikoninyima usingizi.

Ndipo mwalimu mkuu akaniita. Alitaka mtu wa kuwachukua watoto majumbani na kuwarudisha, na alijua leseni ninayo. Akaniambia shule ikifunguliwa Jumatatu nikiwa na gari linalotembea, kazi ni yangu, na mwanangu anapanda humo humo. Nikikosa, kuna mwingine yuko tayari.

Kwetu bei za magari hazishikiki. Ng'ambo ya mpaka, gari kuukuu wanaliuza kama wanalitupa. Baba Bosi yuko kambini kwenye ujenzi wa barabara, ruhusa hakupata. Akanitumia dada yake.

Wifi yangu ni dereva wa basi la wafanyakazi wa kiwanda. Gari analijua, na mdomo anao. Mimi nasoma masomo ya jioni, na lugha ya hao jirani zetu ni mojawapo ya ninayosoma. Basi kwake mimi sina jina jingine. Msomi wa jioni, chumvi imezidi. Msomi wa jioni, nguo za mtoto zinalowa nje.

Tulifika kwenye yadi tumechoka na safari ya basi. Muuzaji alikuwa mzee mnene, ovaroli limembana, mikono yote oili. Nikajikusanya, nikamwamkia kwa lugha yao. Sentensi yenyewe nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima.

Wifi akakohoa kicheko.

Mzee naye akanijibu kwa Kiswahili, kafurahi kama mtoto mwenye kiatu kipya. Watu wa kwetu wengi hununua kwake, wamemfundisha maneno mawili matatu, na aliona siku yake ya kuyatoa imefika. Haya, nikaikunja lugha yangu nikaiweka mfukoni.

Gari tulilikuta limeshawashwa, bado linachuruzika maji. Wifi akanibonyeza na kiwiko. Anayewasha gari kabla mteja hajafika, alininong'oneza, ana jambo analificha.

Mzee akaanza kututembeza.

Akagusa redio. "Zima."

Akagusa feni. "Zima."

Akagonga dirisha la nyuma. Zima. Taa ya ndani. Zima.

Mimi kimoyomoyo namsahihisha, kama mwalimu wetu anavyotufanya sisi. Redio nzima, baba. Feni nzima. Dirisha zima, hapo umepata. Na moyo wangu unacheza, maana kwa bei ile vitu vyote kuwa vizima ilikuwa kama kuokota.

Mwisho akaipiga boneti kofi. "Mama. Injini, hai..."

Lori la winchi likapita nyuma yetu linapiga honi. Kama kulikuwa na neno jingine, lilimezwa. Mzee akatabasamu, akanifungulia mlango.

Nikalipa, tukaondoka, wifi kwenye usukani.

Hatujafika mbali, wifi akataka muziki. Akabonyeza redio. Kimya. Akaipiga. Kimya.

Joto likapanda, tukawasha feni. Hata kupumua haikupumua. Nikasema tushushe dirisha la nyuma. Likagoma, limeganda kama limejengewa hapo. Kufika kwenye kivuli cha msitu, natafuta chupa ya maji sakafuni, nabonyeza taa ya ndani.

Sina haja ya kuwaambia.

"Tumepigwa," wifi akasema.

Nilikuwa namwona Bosi anaangalia ukuta.

Akaendesha kidogo, kisha akauliza taratibu, na yule akiongea taratibu ujue mambo si mazuri. "Kuhusu injini alisemaje?"

"Alisema hai."

"Hai-nini?"

"Honi ilimkatisha."

"Wifi, fikiri basi. Haiwaki? Haifiki? Hairudi kuwaka ikizimwa? Kila alichokiita kizima kimekufa. Injini yenyewe hata mwongo kashindwa kuisifu."

Hapo ndipo tulipokubaliana kutoizima. Tulilikuta linawaka, hatukuwahi kuliona likiwashwa. Tukizima njiani, nani atatujua? Na Jumatatu haingojei mtu.

Jamani, kuna uchovu na kuna uchovu wa kusikiliza injini. Kila ikikohoa, tunatazamana. Kwenye matuta nilikuwa nashika dashibodi kwa viganja viwili, nikiibembeleza kama namlaza mtoto. Wifi akaniuliza kama nitaiimbia pia. Nikamwambia nikijua wimbo wake nitaimba.

Tatizo jingine likawa mafuta. Kituoni hawakuhudumii injini ikiwa inawaka, na kwa kweli wako sahihi. Tukapita vituo kama tunadaiwa. Mshale unashuka, sisi macho kwenye mshale. Wifi alikuwa anaegemea mlango wa upande wa pili kwa bega, eti labda mshale utapanda.

Tukafika mpakani ukiwa umegusa chini, mimi nikiwa kwenye usukani.

Foleni. Injini inakunywa bure. Ilipofika zamu yetu, afisa akaja na tochi na karatasi, akafungua boneti, akafunga, akaja dirishani.

"Mama, zima gari. Nataka kusoma namba ya injini."

Wifi akainama kwangu, akatoa ile sauti yake ya kuombea nauli ya bure. "Afande, hili gari ni kama mtoto mwenye homa. Likipoa linatufia mikononi."

"Zima, au geuza urudi ulikotoka."

Nyuma malori yakaanza kupiga honi. Nikaomba tuvumiliwe kidogo. Nikatoa simu.

"Unampigia nani?"

"Yule mzee."

"Ukamwambie nini, msomi wa jioni?" Safari hii hakuwa ananitania. Alikuwa anauliza kweli, na macho yamemtoka.

Mzee akapokea. Akaanza na Kiswahili chake, nikamkatisha. Nikaongea lugha yake. Vibaya, najua. Vitenzi vilitoka kinyumenyume, jasho linanitoka, lakini swali likafika. Kwa nini umetudanganya? Na injini ina nini?

Akanijibu polepole, kama mtu aliyeumizwa.

Alisema alinionyesha kila kitu kwa kidole chake. Redio, imekufa. Feni, imekufa. Dirisha, limekufa. Taa, imekufa. Akaniuliza kama sikujiuliza kwa nini bei ilikuwa chini vile.

Nikamwambia, "Lakini ulisema zima."

"Ndiyo, zima," akasema. "Watu wenu ndio walionifundisha. Wakitaka injini inyamaze, wananiambia zima."

Nikahisi masikio yanawaka moto.

Yule mzee hakudanganya hata neno moja. Mimi na sarufi yangu ndio tuliomgeuza mwongo. Alisema zima, nikamrekebishia kuwa nzima, nikanunua nilichojisahihishia mwenyewe.

"Na injini?"

"Hai," akasema kwa Kiswahili. Akarudi kwenye lugha yake kufafanua, nisije nikapotea tena: hiyo haijafa. Iko hai. Aliiwasha mapema kwa sababu alikuwa ametoka kuliosha gari na kulileta pale.

Neno lilikuwa limeisha tangu mwanzo. Hapakuwa na kilichomezwa na honi.

Nikakata simu, nikamweleza wifi. Akanishika mkono juu ya ufunguo.

"Usiguse. Jumatatu yako yote iko hapo. Kama umemsikia vibaya je?"

Lilikuwa swali la haki. Nilikuwa nimeshamsikia vibaya mara moja, tena kwa lugha yangu.

"Hii ya kwake nimeisikia vizuri," nikamwambia.

Nikazima.

Ukimya ule sitausahau. Hata malori ni kama yalinyamaza. Afisa akainama kwenye injini, akasoma namba, akaandika, akasoma tena, akaandika. Wifi alikuwa ameziba uso kwa kanga, anachungulia kwa jicho moja.

Boneti ikafungwa. "Haya, ondokeni."

Nikazungusha ufunguo.

Likawaka kabla mkono haujafika mwisho.

Tukajaza mafuta upande wetu. Pale ndipo wifi akaanza kucheka, akacheka mpaka kijana wa pampu akatuuliza kama tuko salama. Kisha akafuta macho, akataka kujua hayo masomo yetu yanaanzaga saa ngapi.

Jumatatu nilikuwa getini kwa shule, gari limejaa watoto, wanagombania kukaa kwenye dirisha lisilofunguka. Bosi yuko nyuma yangu, ananiamuru niongeze mwendo. Kazi ninayo mpaka leo.

Ndugu msomaji, mgeni akikuletea neno lako mwenyewe, usikimbilie kumsahihisha. Muulize kwanza anamaanisha nini. Na wewe unayesoma jioni baada ya kazi, unasinzia kwenye dawati lisilokutosha, kile unachokipata pale ni chako. Kitoe mapema, hata kama wifi yuko pembeni anakohoa.