Mkono Ulioingia Kwenye Filamu

Juzi nilimpeleka binti yangu kujiandikisha katika chuo kimoja kule Likoni. Tukapita mkahawani. Sakafu imetiwa vigae, mabenchi ya mbao yameondoka, chai sasa hutoka kwenye mashine. Nikasimama mlangoni nikahesabu nguzo: sita. Nikarudia, maana hesabu ya kwanza siiamini hata nikiifanya mwenyewe. Sita. Basi ni hapa hapa, ndugu yangu, nilipoigiza filamu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwalimu wa muziki wa chuo alikuwa akitengeneza filamu ya nyimbo, habari za wanafunzi wanaopendana na kugombana kwa kuimba, nayo ilipungukiwa na kila kitu isipokuwa waimbaji. Kamera ilikuwa ya mpiga video wa harusi, aliyekuja nayo mwenyewe kwa kuwa hakumwamini mtu. Sisi watoto wa mtaani tuliitwa kuitikia, na mimi nikapewa mstari mmoja wa kuimba peke yangu. Nikaufanyia mazoezi nikichota maji, nikichambua mchele, hata jirani akauliza kama wimbo huo hauna mstari wa pili.

Nyanya alikubali kwa sharti. "Mwana wa kike haendi kuimba kwa watu peke yake. Tutakwenda sote." Na Nyanya hakuwa mtu wa kwenda mahali mikono mitupu. Alikuja na mahamri sitini na sufuria ya mbaazi za nazi. Harufu ya iliki ikamtangulia langoni.

Mwalimu alifurahi, maana tungeimba mkahawani na meza zilikuwa tupu. "Ila msile," akatuambia. "Sahani zionekane zimejaa."

Nyanya akamtazama. "Chakula kimetengwa, watoto wamekizunguka, wasile? Wamekukosea nini, baba?"

Tulirudia wimbo mara tatu. Kila mwalimu aliposema tupumzike, Nyanya alisema bismillahi, na sahani zikapungua. Yakabaki mahamri tisa; niliyahesabu mara mbili. Bawabu alikuwa ametupa ruhusa mpaka alasiri tu, na alasiri ilikuwa inaingia. Mara ya nne, zamu yangu ikafika. Nikafungua kinywa, sauti ikatoka sawasawa, na Nyanya, kwa kuona sahani yangu haina kitu, akanyoosha mkono akaniwekea hamri. Mpiga video, kwa mazoea ya harusini, akauacha uso wangu akafuata chakula.

Nililia wallahi. Nikamshika mwalimu: "Ukate mkono, uache sauti."

"Haikatiki. Hiyo ni doti ya leso, mwanangu, haiuzwi kipande. Chukua vyote au niondoe vyote."

Nilivutana naye mpaka bawabu akaanza kutikisa funguo. Nikachukua vyote, nikamnunia Nyanya siku mbili. Siku ya kuonyeshwa, watu walipocheka, yeye alisema tu, "Kumbe na mimi nimo!"

Nyanya hakupenda kupigwa picha. Alipotutoka, tulitafuta nyumba nzima tukapata ile ya kitambulisho, amekunja uso kama anayedaiwa. Lakini filamu ninayo kwenye simu. Mkono unaingia, hina kwenye kucha, bangili moja nyembamba, unga umesalia kifundoni. Unaweka hamri, unatoka. Sekunde tatu. Nazihesabu tena, labda mara ya pili zitazidi. Hazizidi.

Mwalimu yule angetokea leo tukajadiliana upya, ningemwachia sauti yote, bila kubisha, anipe mkono.