Dua ya Msafiri katika Darasa la Subira

Sikuipenda ile namba tangu siku ya kwanza. Haikuwa na picha wala sauti. Iliingia kwenye darasa la simu la jirani yangu Subira, ikaandika salamu ndefu iliyonyooka, ikasema ni ya mzazi mmoja wa porini, upande wa Kabambare, mwanawe anaitwa Ibrahim, mtandao wao ni dhaifu, kwa hiyo mtoto atakuwa anasikiliza tu.

"Yaya Subira," nikamwambia, maana kwangu ni kama dada mkubwa, "mutu asiye na sura anatafuta nini kwa watoto?"

Akanijibu kwamba elimu hanyimwi mtu, na kwamba mimi Mkristo nimwachie yeye mambo ya chuo cha Kurani. Nikarudi kwenye cherehani yangu. Ukibishana na Subira, anayechoka ni wewe.

Ni mwanamke wa Kasongo, binti wa mwalimu wa Kurani, na ukweli kwake ni kama ugonjwa. Zamani aliuza samaki wakavu wa Nyangwe sokoni. Mteja akishika samaki, yeye mwenyewe anamzuia: "Hii iko ya siku nyingi, mama, chukua ile." Biashara gani hiyo? Ilikufa, ingekosaje kufa! Akashika kazi ya marehemu baba yake, akafundisha watoto barazani kwake, ukuta mmoja na mimi. Nimewashonea wanafunzi wake hijabu mpaka nikazijua sura fupi kuliko baadhi yao.

Watoto wa Kabambare walikuwa wakija kukaa kwa ndugu zao hapa mjini ili wasome kwake. Kisha njia ikaharibika. Sisemi matope, matope tumeyazoea. Nasema watu wenye bunduki wanaotokea msituni na kusimamisha pikipiki. Wazazi wakawazuia watoto nyumbani, na Subira akakihamishia chuo kwenye simu. Kila asubuhi alirekodi somo: sura, herufi, hesabu kidogo, adabu nyingi. Watoto wakamjibu kwa sauti zao. Nilimcheka, nikamwambia ataishia kuwafundisha kuku wa watu. Lakini watoto walisoma kweli, nami nilimwonea fahari, ingawa sikumwambia.

Somo lilianza kwa kujuliana hali, kama ilivyo desturi katika nyumba za Waislamu wa hapa. Huwezi kusema "mzima" ukaishia hapo. Unaulizwa mmoja mmoja: baba, mama, bibi, anayeumwa, aliyesafiri. Kila mtoto alijibu kwa ukweli wote, na aliyekuwa na msafiri alisema ametoka lini, anapita wapi na amebeba nini, ili darasa zima limsomee dua afike salama. Sauti zile ndogo zilipita ukutani kwangu, nikawa nasimamisha cherehani nizisikilize.

Wa kwanza kukamatwa njiani alikuwa babu wa mtoto mmoja wa darasa. Walimpiga, wakachukua mzigo na hata viatu. Tukasema ni bahati mbaya. Wa pili alikuwa mjomba wake Aicha, msichana aliyesoma vizuri kuliko wote. Alitoka Kabambare na pikipiki yake, na hajafika hadi leo. Aicha akaacha kutuma sauti. Mjini wakaanza kunong'ona kwamba dua za Subira zinageuka njiani, na mama mmoja akamtoa mwanawe darasani. Subira alikonda. Akaswali zaidi, akawahimiza watoto wasimsahau msafiri yeyote.

Jumatano moja asubuhi aliingia kwangu bila kubisha hodi, simu mkononi.

"Mama Clovis," akasema, "wale wote waliokamatwa, tuliwasomea dua."

"Na nani alisikia?"

Tukaifungua simu pamoja. Ujumbe wa sauti ulioutuma mwenyewe unaweza kukuonyesha nani ameusikiliza. Somo la leo, la jana, la wiki iliyopita: wazazi wote wamesikiliza, ile namba isiyo na picha hapana. Tukarudi nyuma mpaka siku ilipoingia. Ibrahim hakuwahi kusikiliza somo hata moja. Basi alikuwa amekaa humo kufuata nini? Humo, zaidi ya somo, mlikuwa na majibu ya watoto tu.

Na asubuhi hiyo hiyo Malaika, mtoto wa Kabambare, alikuwa ameshajibu hali ya nyumbani. Baba yake, Ramazani, ametoka Kasongo alfajiri, anarudi kwao na mizigo ya duka. Tulimpigia Ramazani, hapatikani. Msituni hakuna rezo, simu hazishiki. Tulimpigia mkewe, simu ikalia bila mtu kushika.

"Mutoe ule mutu!" nikasema.

"Nikimutoa atajua tumemujua. Na ameshasikia." Akakaa kwenye kigoda changu, kichwa chini. "Nitasema uongo, Mama Clovis. Mungu anisamehe."

Hakurekodi. Aliandika, ili hata asiyesikiliza masomo asome: Malaika, baba yako hajatoka. Nimemuona sasa hivi sokoni Kasongo. Atatoka Jumapili.

Akatuma, tukangoja. Nilimwambia amefanya vizuri, na niliamini hivyo. Muda si muda sauti ya Malaika ikaingia darasani, inahema kidogo, yenye heshima tele.

"Asalamu alekumu, Mama mwalimu. Unisamehe, huyo uliyemuona hakuwa Papa, labda ni mutu anafanana naye. Papa alishatoka kweli. Alitupigia mbele ya kuingia pori, akasema barabara kubwa anaiogopa, anapita njia ndogo ya mashamba, atalala upande wa Kasongo, mbele ya kuvuka mto. Nasema hivi ili usiseme uongo bila kujua, Mama mwalimu. Mumusomee dua."

Njia ndogo! Ramazani alikuwa amewakwepa wenye bunduki mwenyewe, na sisi hatukujua. Subira aliitupa simu mapajani mwangu, kisha akainyakua tena, akijaribu kuifuta sauti ile, anagusa pasipotakiwa. Nilitaka kulia na kumpiga kofi, vyote kwa pamoja.

Kabla hajaifuta, ile namba ikaandika, kwa mara ya kwanza tangu salamu zake za siku ile ya kuingia: Mashaallah. Mtoto wa malezi mazuri.

Chini yake, mmoja baada ya mwingine, watoto wakaanza kumsomea dua baba yake Malaika.