Jiko la Kupokelea Simu

Picha ya kwanza iliingia asubuhi, nikiwa nachambua mchicha. Mdogo wangu wa kiume, ambaye anafanya kazi Maskati, alinitumia jiko la Italia: meza kubwa ya marumaru katikati ya chumba, viti virefu vimepangwa upande mmoja, na hakuna hata sufuria moja inayoonekana. Chini yake aliandika, "Dada, jiko la mama litakuwa hivi." Nikampa mama simu. Akainyoosha mbali na uso, kwa kuwa macho yake hayaoni tena vitu vya karibu, akaitazama kitambo, kisha akaniuliza hao watu wanapikia wapi.

Ninaishi na mama mtaa wa Nguvumali, kwenye nyumba ileile aliyotulelea. Jiko lake lilikuwa uani, chini ya bati: jiko la mkaa, jiko dogo la gesi la kuchemshia chai, na kibaraza cha saruji kilichoishia kwenye magoti. Mama alikaa kwenye kibaraza hicho, na akishakaa hakuwa na haja ya kuinuka mpaka chakula kiive. Mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, kinu, ndoo ya maji, vyote alivifikia kwa kunyoosha mkono tu. Moshi ulikuwepo, sikatai. Nilikuwa nimechoka kumsikia akikohoa kila jioni. Kwa hiyo mdogo wangu aliposema anataka kumjengea mama jiko la kisasa, nilifurahi kweli, na nikakubali kusimamia ujenzi.

Sikujua kwamba jiko la kisasa lina uraia. Baada ya Italia ikaja Uswidi, kila kitu cheupe kama wodi, makabati hayana hata pa kushika. Fundi akapima upya. Kisha Japani, mbao nyepesi na vyombo vyote vimefichwa, kana kwamba kumiliki mwiko ni aibu. Fundi akapima tena. Ikaja Uturuki na dhahabu zake, ikaja Moroko na vigae vya maua, halafu tukarudi Italia. Ikafika mahali fundi akiingia asubuhi hasalimii, ananiuliza, "Dada, leo tumeamkia nchi gani?" Mwanzoni nilicheka. Baadaye nilikuwa namjibu bila kumtazama.

Katika yote hayo mama aliomba kitu kimoja. "Mwambie aniwachie kibaraza changu," alisema. "Hayo mengine afanye apendavyo."

Nikampigia mdogo wangu. Akasema kibaraza kitaharibu mstari.

"Mstari gani?"

"Mstari wa makabati, dada. Na siku hizi watu hawapiki wamekaa."

"Mama anapika amekaa. Magoti yake hayawezi kusimama muda wote huo."

"Si kuna vile viti virefu?"

Mama yetu ni mfupi. Nikamwambia akipandishwa kwenye kiti kile, kumshusha tutahitaji majirani. Hakucheka. Nikamuuliza hapo Maskati, kwenye nyumba ya tajiri wake, chakula kinapikwa wapi. Akasema ndani kuna jiko zuri sana, la wageni kuona, na nje kuna jiko la kupikia.

"Sasa sisi la nje tunalibomoa kwa nini?"

"Dada, usianze," akasema, na simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama ilikuwa mtandao au ni yeye.

Nikamsihi mama aseme mwenyewe, maana mimi nilikuwa nimeshakuwa dada mwenye maneno. "Aka!" akasema. "Mtoto anahangaika na jua la watu kwa ajili yangu, halafu mimi nimwambie sikitaki alichonipa?" Na simu ilipokuja, masikioni mwangu kabisa, akasema, "Zuri, babangu, zuri mno, Mungu akupe kheri." Nilikuwa nimeshika ungo. Nusura niurushe.

Basi kibaraza kikavunjwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni akitazama, na kila nyundo ilipopiga alikuwa anafumba jicho moja. Ua ukaezekwa, ukawekwa vigae vyeupe, na ukuta wa sebuleni ukabomolewa ili jiko na sebule viwe chumba kimoja, kama kwenye picha. Kilichobaki cha ua wa zamani ni kichochoro kati ya tangi la maji na ukuta wa nyuma, ukuta ambao mdogo wangu alipokuwa darasa la pili aliuchora kwa mkaa: magari, mipira, na mtu mwenye kichwa kikubwa ambaye alidai ni mimi. Mama hakuruhusu ukuta huo upakwe rangi.

Siku ya kwanza kwenye jiko jipya mama aliamua kupika bada, ugali wetu wa muhogo. Bada haibembelezwi. Mama huishusha sufuria chini, huibana kwa nyayo, na husonga kwa mikono miwili. Sasa alikuwa amesimama mbele ya jiko la umeme la kioo, linaloteleza kama barafu. Kila alipozungusha mwiko, sufuria nayo ilizunguka. Nikaishika kwa matambara mawili, tukawa tunakwenda nayo huku na huku, tunacheka, mpaka nikaona jasho lake na nikaacha kucheka. Akaishusha sakafuni. Ilipoinuliwa, kigae cheupe kilikuwa na duara jeusi la masizi ya miaka yote ya mkaa. Mama alipiga magoti akasugua kwa sabuni, kwa chumvi, kwa majivu. Alisugua mpaka bada ikapoa.

Wageni nao walikuja kuliona jiko. Mzee mmoja wa msikitini alipobisha hodi na kuingia sebuleni, mama alikuwa anakaanga samaki, kajifunga kanga moja kifuani, kichwa wazi. Hakuna ukuta, hakuna pazia. Alichuchumaa nyuma ya ile meza ya marumaru, akaitikia salamu akiwa huko chini, na samaki wakaungua. Mzee wa watu alikuwa anatazama dari kwa heshima, na mimi nilikuwa natamani mtu wa kumgombeza.

Tangu siku hiyo mama alihamia kichochoroni. Hakutangaza. Nilimkuta tu amekaa juu ya mbuzi, mgongo kwenye tangi, jiko la mkaa mbele yake, akipika mahali ambapo hata ungo haupiti ukiwa umelala. Moshi sasa ulizibwa na ukingo wa paa jipya, haukuwa na pa kutokea. Akakohoa kuliko zamani. Huku ndani, juu ya marumaru, kulikuwa na bakuli la matunda ya plastiki ambalo mdogo wangu alilituma kwa sababu kwenye picha lipo. Mji umejaa machungwa ya Muheza na sisi tuna ya plastiki.

Mdogo wangu hupiga simu ya video kila Ijumaa baada ya sala. Simu ikilia, mama ananipa mkono nimvute, ananawa, anabadili kanga, anaingia jikoni, anawasha taa zote, na anasimama mbele ya makabati. Hapo ndipo ninapopokea. "Mama, jiko linakwendaje?" "Linang'aa, babangu." Nami nimeshika simu, meno nimeyabana.

Ijumaa moja simu ililia mapema. Mama alikuwa katikati ya kukuna nazi. Akanyoosha mkono, "Nivute," akajaribu kuinuka, goti likakataa, akarudi kukaa na uso umemkunjamana kwa maumivu. Akanyoosha mkono tena. Hasira zikanipanda. Sikumvuta. Niliipokea simu palepale na kumwelekezea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, babangu."

Nikarudi nyuma hatua moja ili aone kila kitu: moshi, tangi, jiko la mkaa, mama yake juu ya mbuzi, na nyuma ya bega lake ukuta wenye magari aliyoyachora mwenyewe kwa mkaa. Nikasema moyoni, haya, leo ameona.

"Mama, hapo uko wapi?"

Mama hakuitazama simu. Alinitazama mimi, na sijawahi kutazamwa vile tangu nikiwa mtoto.

"Niko kwa jirani," akasema. "Ana wageni, namsaidia kukuna nazi."

Mdogo wangu alikuwa anausogeza uso karibu na simu, akitazama. Nilingoja. Magari yalikuwa pale, na yule mtu mwenye kichwa kikubwa.

"Masikini," akasema. "Bado wanapikia pahala kama hapo? Mwambie nikija nitampa fundi wetu."

"Nitamwambia, babangu," mama akajibu, na akaendelea kukuna nazi.