Lengalenga za Nyuma ya Garaji

Siku ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, ni ile niliyomwona Mama Zuena akishusha fungu la lengalenga, ndio mchicha wetu, zenye majani mapana kama kiganja, na moyo wangu ukawaka.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, hapa mtaani Bwiza. Sote wawili tuliuza mboga sokoni, meza zetu zikigusana. Yeye alilima kiwanja cha bure nyuma ya garaji ya malori, pale mafundi walipokuwa wakimwaga mafuta machafu kwa miaka. Wateja walinipita kama hawanioni, wakaenda kwake. Nilimchukia mpaka kitambaa chake cha kichwani.

Asubuhi moja nikapita kiwanjani kwake kuchungulia. Maji ya mfereji yalikuwa na utando wa rangi rangi, na udongo kwenye mizizi ulinuka mafuta ya gari. Nikafurahi. Ndiyo, mwanangu, nilifurahi! Sikuwaza walaji, niliwaza jinsi meza yake itakavyokimbiwa.

Nikangoja soko lijae, nikapaza sauti: “Musinunue kwake! Iyo mboga iko na mafuta ya gari!”

Mama Zuena akashika kiuno. “Apana, we Mama Hamisi, iyo ni wivu tu. Batoto yangu wanakula iyi mboga. Mukuje muone!”

Watu wakacheka. Tangu siku hiyo, ili kunikomoa, akawa anawapikia wanawe lengalenga zilezile na kuwalisha mbele ya nyumba, kila mpita njia aone. Zuena, binti yake mdogo, akaanza kulalamika tumbo na kunyong'onyea. Kama ni ile mboga, siwezi kuapa, nani angepima wakati ule? Leo wataalamu wa kilimo wanatueleza kwamba mafuta yakimwagika yanaweza kuacha risasi na madini mengine mazito udongoni, mmea ukayanyonya na bado ukapendeza machoni. Kuosha na kupika hakuyamalizi.

Mama mkwe wangu, mwanamke asiyebembeleza mtu, akaniita jikoni. “Ulisema kweli,” akaniambia, “lakini ulisema kwa kutaka kumuangusha. Sasa ule mutoto anakula sumu sababu ya mudomo yako. Enda umupe mahali ya kulima.”

Nilikwenda nimenuna. Nikamwomba radhi mbele ya wanawe, nikamgawia nusu ya shamba langu, tena ile nusu yenye maji. Akachukua sufuria ya mboga iliyokuwa jikoni akaimwaga shimoni. Polepole Zuena akarudi kucheza na wenzake. Na lengalenga za mama yake, humo humo shambani kwangu, zikastawi kushinda zangu! Nikimkumbuka yule mwanamke, wivu unanichoma hata sasa.

Basi mwanangu, usipande chakula palipomwagika mafuta, hata majani yakipendeza vipi. Na ukijua jambo la kumwokoa mwenzako, mwite pembeni umwambie kwa upole. Usingoje kwanza wivu uishe, wangu haujaisha. Lakini usiuache ukusemee.

Mungu akupe udongo safi na watoto wenye afya. Akupe na jirani anayekushinda kulima, nawe umpende hivyo hivyo, roho ikikuuma.