Uhalifu wa Kuni za Kahawa

Juzi binti yangu alikuja na kazi ya shule: andika maana na asili ya neno uhalifu. Nikamjibu upesi, kana kwamba nimeulizwa jina langu. Limetokana na kuhalifu, lenye asili ya Kiarabu, yaani kwenda kinyume na ulichoamriwa. Akaandika, akaenda zake. Mimi nikabaki mezani. Ndugu yangu, neno hilo linanitisha hadi leo.

Nililipata kwa mwalimu wetu wa madrasa kijijini Gitothua, nikiwa na miaka minane. Chifu alikuwa ametangaza barazani kwamba anayeingia shamba la kahawa bila ruhusa ni mhalifu na atashikwa. Nikamuuliza mwalimu maana yake. Akaniambia, ukikatazwa kupita mahali nawe ukapita, basi umehalifu. Akaendelea na somo.

Nyanya yangu alipita kila Jumamosi. Mibuni ikishapogolewa, aliinama kwenye tundu la ua wa kayaba wenye miiba, akarudi na mzigo wa matawi mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso. Kuni za kahawa hazina moshi mwingi, na githeri yake ya mahindi na maharagwe ilinukia mpaka kwa jirani. Sasa githeri hiyo niliiacha sahanini. Kila buti lililopita nje lilinifanya nijifiche nyuma ya pipa la maji.

Jumamosi moja nilishindwa kuvumilia. Nilimkimbilia askari wa shamba, aliyekuwa akinywa chai getini, nikamshika koti huku nalia.

"Tafadhali, usishike nyanya yangu!"

"Kwani nyanya yako amefanya nini?"

"Ni kuni tu. Hajachukua kahawa."

Akaweka kikombe chini. "Na ako wapi saa hii?"

Nilikuwa nimefunzwa kutowadanganya wakubwa. Nikanyoosha kidole.

Askari alimtoa shambani, na nyanya akashinda katika ofisi ya shamba mpaka alasiri, amekaa sakafuni, leso imemwanguka mabegani. Walimwachilia bila panga lake la kukatia kuni. Njiani hakunigombeza. Alinishika mkono tu mpaka nyumbani.

Mibuni imeng'olewa, pamejaa maghorofa ya kupangisha, na sisi tunapikia gesi. Sijui kama yuko mtoto Gitothua anayeijua harufu ya kuni zile. Nyanya aliishi miaka mingi baadaye, na alinipenda, hilo sina shaka nalo. Lakini kila nilipomuuliza anakwenda wapi, alinijibu, "Hapa tu, mama," kisha akaufunga mlango nyuma yake.